Kurudi nyumbani kwa likizo: nani mgeni, nani mwenyeji?

Desturi zinazoandikwa sana katika vitabu kama hiki ni zile za wazee: mahari, kilio, Bwami, lubunga. Ni vizuri ziandikwe mbele ya wanaozijua hawajaisha. Sisi tunataka kuongea juu ya desturi changa, ambayo haina hata jina, lakini inazidi kukua mbele ya macho yetu. Ni desturi ya mtoto wa hapa aliyesoma sana, anayeishi na kutumika mbali, kurudi kututembelea wakati wa likizo kubwa.

Ikiwa barabara na vita vimeruhusu, anakuja kati ya mwezi wa saba na wa nane, wakati shule zimefungwa na vumbi limetanda toka Makobola mpaka Baraka. Anafundisha kwenye chuo kikuu fulani, Marekani, Kanada ao Ulaya. Ana wiki tatu, pengine nne. Na nyumba zake za zamani ni nyingi, kwa hiyo anazizungukia moja moja: Baraka alipozaliwa, mlima wa Fizi alipoanzia masomo, Uvira alipopatia diploma ya Serikali, Bukavu alipoanza chuo, na hata Kigoma ngambo ya ziwa, kule alikoishi kambini. Anapiga picha, anaandika katika daftari, analia kidogo kwenye kaburi, anakula ndagala na sombe, kisha anaenda.

Katika jambo hili kuna swali la haki na wajibu ambalo watu wengi wanalionea haya. Mtu huyu anaposema "kwetu", neno hilo ni la kweli? Akiwa kati yetu, ana haki gani na ana deni gani? Na wanaompokea, wanamdai nini kwa haki, na nini kwa tamaa tu? Tujaribu kulifungua swali hili bila kumtukana mtu na bila kumpaka mtu mafuta.

1. Neno moja, njia mbili

Tuanze na lugha, maana lugha yetu inajua mambo ambayo sisi wenyewe hatujayafikiria. Mtu huyu anaposhuka kwenye gari, anasema: "Nimerudi." Wiki tatu zikiisha, anafunga valizi na kusema: "Sasa narudi." Neno ni lile lile. Alirudi huku, sasa anarudi kule. Basi kwake ni wapi? Neno "kurudi" linataka mahali pa kwanza, pale ambapo safari ilianzia. Kwa mtu huyu, mahali pa kwanza pamekuwa pawili, na hakuna hata kimoja kinachomtosha.

Watu wa hapa wamekwisha kulisikia jambo hilo, hata kama hawalisemi. Sikiliza salamu. Anapokutana na mama mkubwa sokoni, anaitwa kwa furaha: "Njo weye? Ulipotea sana!" Kisha, mbele hata maji ya kunywa hayajafika, swali linafuata: "Unarudia lini?" Hakuna anayemuuliza hivyo jirani yake wa lupangu. Anayeulizwa siku ya kuondoka amekwisha kuhesabiwa kuwa mgeni, hata kama anaitwa "mtoto wetu".

Lakini tusiharakishe. Wengi wanapenda kugawa watu mafungu mawili: wale walioondoka na wale waliobaki. Wanasema aliyebaki ndiye mwenye nyumba, aliyeondoka amepoteza haki yake. Tukitazama historia ya Fizi kwa haki, tunaona mgawanyo huo hausimami. Ni nani hapa hajaondoka? Mwaka 1964 na 1965, wakati wa vita vya Simba, vijiji vizima vilipanda milima ao vilivuka ziwa. Miaka iliyofuata, wakati Laurent-Désiré Kabila na watu wake walikuwa na maficho yao ya Hewa Bora, kuna familia zilizoishi msituni muda mrefu hata watoto wakazaliwa humo na kukua. Ikaja vita ya 1996, ikaja ya 1998, yakaja mauaji ya Makobola mwisho wa mwaka huo. Watu wakavuka tena kwenda Kigoma, wakapangwa katika kambi za Lugufu na Nyarugusu. Kuanzia mwezi wa kumi 2005 wakimbizi wakaanza kurudishwa kwa meli kutoka Kigoma mpaka hapa Baraka, na Lugufu ikafungwa mwaka 2009. Wengine wakabaki Nyarugusu, na kuanzia 2015 maelfu ya hao wakachukuliwa kwenda kuanza maisha Marekani.

Basi mwenyeji wa leo naye ni mtu aliyerudi. Yeye pia alikuta nyumba yake imebomoka, mwembe umekatwa kuni, na shamba linalimwa na mtu mwingine. Yeye pia alisimama akitafuta mlango mahali ambapo kuna majani tu. Kwa upande wa machozi, profesa na mchukuzi wa mizigo pale kwenye bandari ni sawasawa. Tofauti yao iko kwingine. Yule aliyeshuka kwenye meli mwaka 2005 hakuwa na tikiti ya kuondoka. Alilazimika kuelewana na yule anayelima shamba lake, maana kesho watachota maji pamoja. Yule anayekuja kwa likizo ana tikiti mfukoni. Hilo si kosa lake, lakini ni jambo kubwa, na mashauri yetu yote yanayofuata yanatoka hapo.

2. Anayejua msimu mmoja

Tuseme jambo dogo ambalo watu hawalifikirii. Mtu wa likizo anakuja wakati wa kiangazi siku zote, maana ndio wakati vyuo vya kule vinafungwa. Kwa hiyo anajua Baraka ya vumbi, haijui tena Baraka ya matope. Anaona mto uliolala, unaovukwa na watoto kwa miguu. Hauoni ukishuka na miti na mawe mwezi wa nne. Anapita kwenye barabara ya Uvira, kilometa karibu 90, anasema ni mbaya. Hajui kwamba ameipata wakati ni nzuri. Anasikia neno kolera kama habari ya gazeti, lakini hayuko hapa wakati mvua inapoingiza uchafu wa vyoo katika maji ya kunywa. Anakumbuka maembe, anayatamani, lakini amekuja katika mwezi ambao hauna maembe. Na kama amefika wakati mwezi unawaka, hata ndagala atazikosa, maana wavuvi wanaotumia taa hungoja usiku wa giza.

Wazee wa Kiswahili walisema: aisifuye mvua imemnyea. Hatusemi hivi kumcheka mtu. Tunasema kwamba ujuzi wa mahali una misimu yake, na mtu anayeona msimu mmoja anaweza kusema kweli juu ya msimu huo tu. Shida inaanza pale anapoandika ao anaposimama mbele ya watu na kusema: "Baraka ni hivi." Alipaswa kusema: "Baraka ya mwezi wa nane, wiki tatu, niliiona hivi." Msomi anayefundisha wanafunzi wake kupima vizuri mbele ya kusema angepaswa kuwa wa kwanza kujipima mwenyewe.

Lakini haki ina pande mbili. Anayekaa siku zote naye hupofuka kwa njia yake. Sisi tumezoea. Tunapita karibu na nyumba ya zamani iliyoanguka bila kuiona. Tunasahau majina ya vijiji vilivyohama. Anakuja mtu aliyekuwa mbali miaka 20, anauliza: "Ule mji uliokuwa pale juu uliitwaje? Wale wazee waliokuwa wakitengeneza mitumbwi, nani alijifunza kwao?" Na tunagundua kwamba hakuna aliyejifunza. Mara nyingi ni swali la mgeni linaloamsha kumbukumbu ya mwenyeji. Hiyo ni zawadi, hata kama haipimwi kwa dola.

3. Wakubwa waliotangulia

Swali hili si la Fizi peke yake. Wasomi wakubwa wa Afrika ya Mashariki wamelipitia, na maisha yao yanaweza kutufundisha kwa sababu yanajulikana na wote.

Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948. Mapinduzi ya mwezi wa kwanza 1964 yaliharibu maisha ya watu wengi wa asili kama yake, na miaka michache kisha hapo akaondoka, akiwa kijana wa miaka 18, akaenda Uingereza. Hakuweza kurudi mpaka mwaka 1984, akafika baba yake akiwa karibu kufa. Alifundisha katika chuo kikuu cha Kent mpaka kustaafu kwake, na mwaka 2021 akapewa zawadi ya Nobel ya fasihi. Katika kitabu chake Admiring Silence cha mwaka 1996, anaeleza mtu anayerudi kisiwani kisha miaka mingi. Kule Uingereza mtu huyo amewadanganya wenzake kwa hadithi nzuri juu ya kwao. Na nyumbani hajasema kwamba ana mwanamke na mtoto kule. Anakuta jamaa wamekwisha kumtafutia mchumba. Yaani amesema uongo pande zote mbili, na sasa pande zote mbili zinamwamini. Tunafikiri wengi wanaokuja kwetu wangejikuta humo. Kule wanasimulia Fizi ambayo haiko; hapa wanasimulia Marekani ambayo haiko. Na sisi wasikilizaji tunapenda iwe hivyo, kwa sababu ukweli ungetunyima ndoto.

Wa pili ni Ngũgĩ wa Thiong'o. Serikali ya Kenya ilimfunga mwisho wa mwaka 1977 bila hukumu, kisha mchezo wa kuigiza ulioandikwa kwa Kikikuyu na kuchezwa na wanakijiji wa Kamirithu. Tangu 1982 aliishi uhamishoni, akifundisha vyuo vya ng'ambo. Mwezi wa nane 2004, miaka 22 kisha kuondoka, alirudi na mke wake kwa ziara, akaleta kitabu chake kipya kwa lugha ya mama yake. Watu walimpokea kwa shangwe. Siku chache tu zilipita, wakavamiwa usiku mahali walipokuwa wamelala mjini Nairobi. Yeye alipigwa, na mke wake akatendewa ubaya mkubwa. Ni aibu ambayo Afrika nzima iliisikia. Pamoja na hayo hakuitupa inchi yake, na baadaye alirudi tena. Alikufa Marekani mwezi wa tano 2025. Maisha yake yanatuonyesha kwamba nyumbani si picha ya ukutani. Nyumbani panaweza kukupiga. Anayepapenda kwa kweli anapapenda akijua hilo.

Wa tatu ni Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa, aliyezaliwa 1933. Alifundisha Makerere mpaka utawala wa Idi Amin ulipomfanya aondoke, kisha akafundisha Marekani kwa miaka mingi, Michigan na baadaye Binghamton. Alizoea kwenda na kurudi, hata akawekwa kuwa mkuu wa chuo kikuu kimoja cha Kenya akiwa bado anaishi Marekani. Alipokufa kule mwezi wa kumi 2014, mwili wake ulisafirishwa akazikwa Mombasa, kwenye makaburi ya jamaa yake karibu na Fort Jesus. Safari ile ya mwisho ndiyo peke yake ambayo haikuwa na tikiti ya kurudi. Kwetu si kila mtu anaweza. Wengi wa ndugu zetu wanaofia ng'ambo wanazikwa kule kule, na hapa tunafanya kilio bila maiti, tukikaa chini mbele ya foto. Sisi Wakongomani tunamkumbuka pia Valentin Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, aliyeacha inchi karibu mwaka 1980 kwa kutotaka kuingizwa katika uongozi wa chama cha MPR, akafia Marekani mwaka 2025. Hakuna anayeweza kusema kwamba watu hawa hawakuwa wa kwao kwa sababu walikuwa mbali.

4. Mzigo wa wanaopokea

Tunapotoka kwa wakubwa hao na kurudi kwetu, tunaona kwamba kupokea nako kuna maadili yake. Zamani mtu aliyetoka mbali alipewa kwanza kiti na maji, akapumzika, kisha akaulizwa habari za njiani. Naye, mbele ya kusema habari zake, alipelekwa kutoa pole kwa wote waliofiwa wakati hayupo. Utaratibu huo una akili nyingi. Ulimfundisha anayekuja kwamba maisha yaliendelea bila yeye, na kwamba kuna deni la machozi la kulipwa mbele ya furaha.

Leo utaratibu umegeuka. Swali la kwanza mara nyingi ni: "Umetuletea nini?" Karatasi za mgonjwa zinatolewa, barua ya shule inatolewa, mtu wa mbali kabisa anageuka baba mdogo. Mgeni anaanza kujificha kwenye hoteli, anadanganya siku ya kuondoka, anaenda usiku kama mwizi. Kisha tunalalamika kwamba ana kiburi.

Tusilaumu umaskini wa watu. Mwenye mtoto mgonjwa anapoona mkono wenye kitu, hawezi kuacha kuomba, na hana haja ya kuona haya. Tena, tuseme kweli: kuombwa nako ni namna ya kuhesabiwa. Mtalii anayepita haombwi karo ya shule. Anayeombwa ni yule ambaye watu wanaamini ana wajibu, na mwenye wajibu ni mwenye nyumba. Msomi anayechoka na maombi akumbuke kwamba siku hakuna atakayemwomba kitu hapa, siku hiyo ndiyo atakuwa mgeni kabisa.

Lakini kuna kipimo. Kumgeuza mtu kuwa mfuko ni kumnyima utu wake. Amekuja na masikitiko yake. Kule pengine anaishi peke yake, watoto wake hawasemi Kibembe, na hakuna anayemwita kwa jina la babu yake. Amekuja kulisikia jina lile. Tukimwita "dola" badala ya jina lake, amefunga safari ndefu bure. Methali inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tunadhani jembe ndilo dawa. Apewe kazi inayomfaa: afundishe somo moja kwenye shule ya kiangazi, asome barua ya zamani pamoja na wazee, aketi na wanafunzi wanaomaliza sekondari awaeleze ukweli wa maisha ya ng'ambo, pamoja na baridi yake na madeni yake. Anayeshika jembe haulizwi tena sana siku ya kuondoka.

5. Maneno hayapandi boti

Sasa tufike kwenye jambo lililo zito kuliko zawadi zote, nalo ni maneno.

Mtu mwenye elimu kubwa akifika, anaombwa kusema. Kanisani, kwenye kilio, kwenye mkutano wa vijana, kipaza sauti kinamfikia. Na hapa kwetu, juu ya ardhi, juu ya mipaka ya vijiji na vya utawala, juu ya nani ni wa asili na nani alikuja lini, neno moja linatosha kuwasha majani makavu. Tuliona mwaka 2020. Jambo la komini ya Minembwe lilipowaka, mwezi wa tisa na wa kumi, halikuongelewa milimani tu. Liliongelewa zaidi ng'ambo, na kila upande ulikuwa na wasomi wake, na kila msomi alikuwa na telefone. Sauti zilirekodiwa katika miji ya mbali, penye umeme usiokatika na polisi wanaoitika, zikashuka hapa kwa dakika moja. Waliosema walilala salama. Walioamka na hofu ni mama Mubembe na mama Munyamulenge ambao walikuwa wamezoea kununua chumvi kwenye soko moja, na sasa mmoja wao hakuweza tena kupita njia ile.

Fizi imejua jambo hili tangu zamani. Mwezi wa nne 1965, Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma, akatua Kibamba na Wakuba wenzake. Alikuwa mtu wa moyo, na aliamini alichokisema. Mwezi wa kumi na moja mwaka ule ule, mambo yaliposhindikana, walipanda boti usiku wakarudi Kigoma. Yeye mwenyewe aliandika baadaye, bila kujificha, kwamba kazi ile ilikuwa ya kushindwa. Lakini wapiganaji wa hapa waliobaki ufukweni hawakuwa na boti ya kutosha, na vijiji havikuwa na boti kabisa. Huyo hakuwa mtoto wa hapa, wala hatumfananishi na profesa wa likizo kwa kila jambo. Tunatazama boti tu. Ni nani atakayebaki ufukweni kisha hotuba kwisha? Hilo ndilo swali la kuuliza kila mara.

Katika lubunga, kama tunavyoielewa, nguvu ya neno haikutoka kwa ufasaha peke yake. Watu waliosema walikuwa wale wale watakaoishi na uamuzi. Aliyeshauri vita, mtoto wake alikuwa kati ya watakaoenda. Aliyeshauri msamaha, yeye ndiye atakayekutana na muuaji kwenye njia ya mto. Uzito wa neno ulipimwa na hatari ya msemaji. Msomi wa likizo ana akili, ana vitabu, ana upendo, lakini hatari hana. Basi tunasema hivi: katika mambo ambayo gharama yake haitamfikia, atoe anachojua, atoe kumbukumbu, atoe mifano ya inchi nyingine, lakini kura aiachie wanaobaki. Na kama anataka kusukuma kwa nguvu, avunje tikiti yake kwanza.

6. Wanaopinga

Kuna watakaotuambia: mnafunga midomo ya watu wanaoweza kusema. Je, si wale wa mbali wanaosema yale ambayo aliye hapa anaogopa kusema? Ngũgĩ angeandika nini kama angebaki kimya Limuru? Katika wakati ambapo mtu wa hapa anatazama mlango mbele ya kujibu swali, kama ilivyokuwa kwa wengi katika mkoa wetu tangu Bukavu ilipochukuliwa na M23 mwezi wa pili 2025, ni nani atakayetusemea kama si aliye nje?

Pingamizi hili ni la kweli, na hatutalipita haraka. Kushuhudia ubaya uliofanyika ni wajibu, na aliye salama ana wajibu huo zaidi kwa sababu yuko salama. Ahesabu wafu wetu, aandike majina, apeleke habari ya Makobola mahali ambapo haijafika, na awape nafasi hata wafu wa jirani. Lakini kushuhudia na kuamuru ni kazi mbili. Shahidi anasema: "Hivi ndivyo ilivyotokea." Anayeamuru anasema: "Basi mfanye hivi." Ya kwanza inaweza kufanywa kutoka popote duniani. Ya pili inataka mtu awe na nyumba yenye paa linaloweza kuungua. Ngũgĩ aliwasema watawala waliomfunga, na aliwahi kulipa kwa mwili wake. Hakukaa mbali kumwambia mkulima mmoja amfukuze mkulima mwingine.

7. Tukimalizia

Swali tuliloanza nalo lilikuwa: anayerudi kwa likizo ni mwenyeji ao ni mgeni? Tumeona kwamba kuondoka hakumtoi mtu kwao, maana wote tumeondoka. Kukumbuka nako hakumrudishi, maana kumbukumbu inaweza kudanganya. Kinachomfanya mtu awe wa mahali ni kukubali kwamba mahali pale pana haki ya kumdai. Anayekubali kudaiwa pole, kudaiwa kazi, kudaiwa ukweli juu ya maisha yake ya kule, na kudaiwa adabu ya ulimi, huyo ni wetu hata akikaa wiki tatu kwa miaka mitatu. Anayetaka nyumba ya zamani imrudishie utoto wake bila yeye kuirudishia kitu, huyo ni mtalii, hata kama kitovu chake kimezikwa hapa Baraka.

Na wanaopokea nao wana kazi. Kiti kitangulie bakuli. Apelekwe kwa waliofiwa mbele ya kupelekwa kwenye kipaza sauti. Aambiwe ukweli wa msimu wa mvua, hata kama picha zake zitakosa uzuri. Vijana wasichukue neno lake kama amri kwa sababu tu limesemwa na mtu aliyepanda ndege.

Shule zitafunguliwa mwezi wa tisa, mvua ya kwanza itafuata, na wanaolima watakuwa wamekwisha kuchoma majani ya mashamba. Kwa desturi, wakati huo mtu wetu amekwisha kwenda. Kama siku moja mmoja wao atauliza kama kuna kazi ya kufundisha hapa katika msimu wa matope, tumjibu kwamba iko, mshahara ni kidogo na mara nyingine haufiki, na darasa la sita la sekondari linakosa mwalimu wa hisabati.